Shamba Hugawanywa, Pipa Haligawanywi

Simama hapa Kikopey kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Usiifuate harufu ya nyama choma, maana ukiifuata hutasikia neno lingine. Geuka utazame upande wa Ziwa Elementaita. Vile vichaka vya majani ya kijivu vinavyofunika miteremko unavijua vizuri. Ni leleshwa. Mama zetu hukata kuni zake, wachoma makaa huitafuta, na Wamaasai tangu jadi hutumia majani yake kama manukato. Kwetu sisi leleshwa ni mti wa bure tu. Nani amewahi kuuliza bei ya leleshwa?

Kumbe leleshwa ina bei! Panda matatu ya kwenda Naivasha, upite Gilgil, na kabla hujaingia mjini utafika Morendat. Huko kuna shamba la mizabibu lililoanzishwa katika miaka ya 1990, na divai itokanayo na zabibu zake huuzwa hotelini na madukani Nairobi. Kwenye karatasi ya chupa pameandikwa jina la kile kichaka chetu: Leleshwa. Mti ni ule ule. Mmoja amechoma makaa, mwingine amechukua jina akauza chupa.

Mwalimu mlezi wa chama asishtuke. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu asiyetimiza miaka 18 kuuziwa kileo, nasi wanafunzi hatuna haraka. Twaandika habari za divai kama vile mtu aandikavyo habari za bunduki bila kupiga risasi. Jambo tunalolitafuta ni hili: mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi kavu kama cha hapa kwetu anawezaje kutengeneza kitu kitakachodumu hadi kwa vitukuu vyake? Watengenezaji wa divai wana jibu lao, na si vibaya kulisikia.

MANENO YENYEWE

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, tuanze na lugha. Tuna maneno mawili ya kinywaji hiki. La kwanza ni mvinyo, tulilolipata kwa Wareno ambao huita kinywaji hicho vinho. La pili ni divai, lililotokana na maneno ya Kifaransa du vin. Zabibu lilitoka kwa Waarabu, ambao kwao zabib ni zabibu iliyokaushwa. Pipa nalo ni la Kireno. Si mnaona? Wareno, Wafaransa na Waarabu wote wamepita katika sentensi moja ya Kiswahili. Leleshwa peke yake ndiyo iliyotoka hapa hapa Bondeni, kwa ndugu zetu Wamaasai.

MABONDE MAWILI YA UFA

Wengi hudhani Bonde la Ufa ni moja tu duniani, nalo ni letu. La hasha! Huko mashariki mwa Ufaransa kuna jimbo la Alsace. Ardhi yake ilididimia kati ya safu mbili za milima, Vosges upande wa magharibi na Msitu Mweusi wa Ujerumani upande wa mashariki, na katikati ukapita mto Rhine. Mwanafunzi yeyote wa jiografia ataona kuwa habari hii anaijua: weka Mau mahali pa Vosges na Nyandarua mahali pa Msitu Mweusi, nawe umefika nyumbani.

Ufanano hauishii hapo. Milima ya Vosges huzuia mawingu yatokayo bahari ya Atlantiki, hivyo mvua hunyesha upande wa pili na Alsace hubaki kavu. Mji wake wa Colmar ni miongoni mwa miji mikavu kabisa ya Ufaransa. Nasi tumekaa chini ya kivuli cha milima yetu. Mahindi hukauka tukitazama, na mkulima huishia kuyakata awape ng'ombe. Lakini mzabibu hauchukii ukavu. Mvua nyingi huuletea ukungu na kuvu, na zabibu hupasuka kabla ya kuvunwa. Kwa hiyo ukame ambao kwetu ni laana, kule Alsace ndio ulioijenga divai.

KAZI YA SHAMBANI

Tofauti kubwa ni majira. Huko Ulaya kuna baridi kali ya theluji. Mzabibu huangusha majani yote na kulala. Unapoamka, huchanua, huzaa, na kuvunwa mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Septemba au Oktoba. Sisi tuko karibu na ikweta. Naivasha haina theluji, na mzabibu ukiachwa hautalala kamwe. Utaendelea kumea tu kama mchicha, jani hapa, ua pale, zabibu mbichi na mbivu katika tawi moja. Mtu hawezi kutengeneza divai ya maana namna hiyo.

Basi mkulima wa huku hulazimika kuwa yeye mwenyewe ndiye majira ya baridi. Hupunguza maji, halafu huchukua mkasi na kupogoa matawi hadi mti ubaki kisiki chenye vidole vichache. Mzabibu hudhani baridi imekuja na kupita, huchipua upya wote kwa pamoja, na baada ya miezi minne au mitano zabibu huwa tayari. Ndugu zetu wa Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliotesha mizabibu katika miaka ya 1950, hutumia ujuzi huo huo na kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Lakini kwa nini Naivasha na si Mombasa? Jibu ni kimo. Naivasha iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huwaka, na jua ndilo linalotia sukari ndani ya zabibu. Usiku nao ni wa baridi, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa bweni aliyewahi kupewa blanketi moja. Baridi hiyo ya usiku huhifadhi uchachu wa tunda. Zabibu yenye sukari bila uchachu hutoa divai iliyopooza, na yenye uchachu bila sukari hukunja uso.

Yapo na mashaka yake. Mzabibu hauzai mavuno ya haja kabla ya mwaka wa tatu. Ndege huzipenda zabibu kuliko mwenye shamba. Tena yuko mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyeingia Ufaransa katika miaka ya 1860 na kula mizizi ya mizabibu hadi nchi nzima ikalia. Dawa iliyowaokoa ni ile tunayofundishwa katika somo la Kilimo, yaani kupandikiza: walichukua shina la mzabibu wa Marekani lenye mizizi sugu, wakaunganisha na tawi la Kifaransa. Mpaka leo mizabibu mingi ya Ulaya yasimama juu ya miguu ya kigeni.

KIKAMULIO, HAMIRA NA PIPA

Zabibu zikiiva hazisubiri mtu. Huchumwa, mara nyingi asubuhi kabla ya jua kali, na kupelekwa kukamuliwa siku ile ile. Chupa moja ya mililita 750 hutaka kilo moja na kidogo ya zabibu.

Hapa ndipo divai nyeupe na nyekundu zinapoachana njia. Watu hudhani rangi hutoka katika maji ya zabibu. Sivyo. Kamua zabibu nyeusi utaona maji yake karibu yote ni meupe. Rangi iko kwenye ganda. Anayetaka divai nyeupe hukamua upesi na kuyatupa maganda. Anayetaka nyekundu huyaacha maganda yakae ndani ya maji siku kadhaa au hata majuma, huku akiyazamisha kila mara, mpaka yatoe rangi na ule ukakasi tunaousikia tukinywa chai ya rangi iliyokolea.

Halafu yaja kazi ya hamira. Zamani watu waliona maji ya zabibu yakichemka bila moto wakafikiri ni miujiza. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, katika miaka ya 1850 na 1860, ndiye aliyeonyesha kuwa kazi hiyo hufanywa na viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Hamira hula sukari, kisha hutoa alkoholi na gesi ya kabonidayoksaidi. Hesabu yake ni rahisi: gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya alkoholi. Zabibu zenye gramu 204 za sukari kwa lita, gawa kwa 17, zitatoa divai ya asilimia 12. Nani alisema Hesabu haina kazi nje ya darasa?

Ile gesi nayo si ya mchezo. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya chumba, na imewaua watu walioingia ndani ya matangi kuyasafisha. Ndiyo sababu wazee wa Ulaya walishuka ghalani na mshumaa mkononi. Mshumaa ukizimika, mtu hurudi mbio.

Hamira hupenda joto, lakini likizidi divai hupoteza harufu yake. Divai nyeupe huchachushwa polepole katika nyuzi 12 hadi 18 za Selsiasi, na nyekundu katika nyuzi 25 hadi 30. Kisha kinywaji huachwa kitulie, mashapo yashuke, divai ihamishiwe chombo kingine. Hewa ikiingia ovyo, bakteria wengine huingia kazini na kuigeuza siki. Kwa hiyo pipa hujazwa hadi mdomoni na kufungwa sawasawa. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni moja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote: kungoja.

MURATINA NI NDUGU YAKE

Msomaji atasema, hayo ni mambo ya wazungu. Ngoja kwanza. Wazee wa Kikuyu walikuwa na muratina, kinywaji cha asali au cha maji ya miwa kilichotengenezwa kwa ajili ya mahari na baraka. Walichukua tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama soseji, wakalikata, wakalichemsha na kulianika. Ndani ya nyuzi zake hamira hukaa na kulala. Tunda kavu likitiwa ndani ya kibuyu cha asali na maji karibu na joto, hamira huamka na kazi huanza. Ni kazi ile ile aliyoieleza Pasteur, ila wazee wetu hawakuwa na darubini.

Tena tunda hilo halitupwi. Hukaushwa na kutumiwa mara nyingi, kwa hiyo mzee aliyekuwa na muratina nzuri alikuwa na hazina. Kila mtu kijijini alijua kinywaji cha leo kimetoka kwa nani. Kikiharibika, aibu ilikuwa ya nyumba yenye jina.

Linganisha na pombe ya magendo ya siku hizi, ile inayouzwa gizani bila jina. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 130 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Baada ya vifo vya namna hiyo ndipo Bunge likapitisha sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo watu waliibandika jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wetu jirani wa Naivasha wakati huo. Sheria ni nzuri, lakini kuna askari mwingine asiyelala, naye ni jina. Mtu aliyeandika jina la baba yake kwenye chupa hawezi kutia sumu ndani yake.

SHAMBA HUGAWANYWA

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Kikopey hii tunayoijua ilikuwa sehemu ya ranchi kubwa ya Kekopey, ya mlowezi Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere. Cole alifariki mwaka 1929. Miaka mingi baadaye ranchi iliuzwa kwa chama cha wakulima wadogo, ikakatwa vipande, familia zikaingia na jembe. Hata nyani waliokuwa wakichunguzwa hapo na mtaalamu Shirley Strum walihamishiwa Laikipia mwaka 1984, kwa sababu walikuwa wanakula mazao ya watu. Ekari zilizogawiwa baba sasa zinagawiwa wana, na za wana zitagawiwa wajukuu. Mwisho wake kila mtu atapata mahali pa kuweka kiti.

Wafaransa walipitia njia hii hii. Sheria zao za mwaka 1804, wakati wa Napoleon, ziliamuru watoto wote warithi mali ya mzazi, wala si kifungua mimba peke yake. Mashamba ya mizabibu yakakatwakatwa hadi mtu akawa na mistari michache hapa na mingine kule. Mbona basi divai haikufa?

Tutazame mji mdogo wa Riquewihr, kule Alsace. Familia ya Hugel imetengeneza divai hapo tangu mwaka 1639. Alsace ilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, ikarudi Ufaransa 1918, ikatwaliwa tena na Ujerumani 1940, ikarudi 1945. Mzee mmoja aliweza kubadili uraia mara nne bila kuhama nyumba! Pesa zilibadilika, bendera zikabadilika, lugha ya shuleni ikabadilika. Katika ghala yao kuna pipa la mwaka 1715 linaloitwa Sainte Catherine, la lita zaidi ya 8,000, na bado linatumika. Zabibu huchumwa kwa mkono, na huangushwa ndani ya kikamulio kwa uzito wake zenyewe bila kusukumwa na pampu, zisije zikapondeka. Ardhi yao wenyewe haitoshi, hivyo hununua zabibu za majirani pia. Kumbe siri haiko kwenye ukubwa wa shamba. Shamba laweza kugawanywa. Ghala, pipa na jina havikugawanywa.

Na wale wasio na pipa la babu je? Kilomita chache kutoka Riquewihr uko mji wa Ribeauvillé. Mwaka 1895 wakulima wadogo wa huko walijiunga katika chama cha ushirika, mojawapo ya vyama vikongwe vya divai Ufaransa. Kila mmoja alibaki na kipande chake cha mizabibu, lakini kikamulio kikawa kimoja, ghala moja, jina moja. Na tangu mwaka 1962 jina la Alsace lenyewe hulindwa na sheria, mtu wa mahali pengine hawezi kulibandika kwenye chupa yake.

Ubaya wa kukosa pipa wakulima wengi wa Dodoma wanaujua. Wana mizabibu mizuri, lakini mwenye zabibu tu bila kikamulio humtegemea mnunuzi. Asipokuja kwa wakati, zabibu huoza mtini. Hapa Naivasha nako, katika miaka ya 1980, kabla ya shamba la Morendat, familia moja ilitengeneza divai ya zabibu za Colombard kandokando ya ziwa na kuipa jina la ziwa hilo. Divai ilisifiwa, lakini kazi haikufika kizazi cha pili, cha tatu. Kuanza ni kitu kimoja, kurithisha ni kingine.

TUFANYE NINI?

Hatusemi kila mtu ang'oe mahindi apande mizabibu. Mizabibu hutaka maji ya kiasi, dawa, mtaji, na miaka mitatu ya kungoja bila senti. Wengi wetu karo ya muhula ujao haingoji hata miezi mitatu. Tunasema tu kwamba somo la pipa lafaa mahali pengi. Lafaa kwenye asali, maziwa na ngozi za mbuzi tunazochinja kila siku. Mwenye maziwa huuza kwa bei ya leo, mwenye jibini ana nafasi ya kungoja bei ya kesho.

Na hata hapa barabarani lipo pipa ambalo hatujaliona. Jina la Kikopey linajulikana na kila dereva wa matatu na wa lori apitaye njia hii. Mtu husema, "Tutakula Kikopey," kama vile Mfaransa asemavyo, "Tutakunywa Alsace." Lakini jina hilo ni la nani? Nani anayelilinda? Akitokea mmoja wetu akapunja mizani au akauza nyama iliyolala, mteja hasemi fulani amenidanganya. Husema Kikopey wamenidanganya. Wenye vibanda wangekaa kitako, wakapatana juu ya mizani, usafi na bei, jina lingekuwa mali ya watoto wao. Wasipopatana, tutabaki kugawana moshi.

Wahenga walisema, mgala muue na haki yake mpe. Cole tumemrithi ardhi, nyani tumewahamisha, leleshwa tunaichoma. Siku moja tutaulizwa na watoto wetu tuliwaachia nini zaidi ya kipande cha ploti. Basi, mwanachama mwenzangu, likizo ikifika muulize babu yako kazi aliyoijua vyema kuliko wengine wote kijijini. Iandike jinsi alivyoifanya, hatua kwa hatua, kabla hajaondoka nayo. Huenda hilo ndilo pipa lenu.